Siku Saba za Mapumziko Iftin

Tulipofungua sanduku la bati la eedo, shangazi yetu, wiki moja baada ya kumzika, harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Ilikuwa harufu ya uunsi, ule ubani wetu uliopikwa na sukari na manukato, ambao wanawake hufukizia nguo zao. Lakini huu ulikuwa umefungiwa miaka mingi, ukawa mtamu na mkali kwa pamoja, kama maziwa yanayoanza kuganda. Mdogo wangu Ifrah aliingiza mkono chini ya mashuka, akatoa gauni la kijani la mtoto. Kola yake nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

"Abaayo, tazama," aliniambia, kama tunavyoitana dada kwa dada. "Hili nililivaa siku ile eedo alipokuwa mama yangu."

Nilisema ni kweli, nikatoka nje kutafuta maji ya kunywa ingawa sikuwa na kiu.

Mimi ni mtu wa kurudia mambo. Komeo la mlango hulishika mara tatu kabla ya kulala, na barua ya mistari minne huiandika mara nane. Hata Kiswahili hiki nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari dukani, na habari nyingi sikujua zilivyoishia kwa sababu karatasi ilikuwa imechanwa hapo. Hii nayo nimeianza mara nyingi. Kila nikisoma nilichoandika naona nimejipendelea. Leo nitajaribu kutojipendelea.

Tulikuwa watu wa ng'ombe, upande wa Hulugho. Mvua ilikuwa imekosa mara mbili mfululizo, na mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, Ifrah sita. Kabla sijasema habari za safari lazima niseme habari za ng'ombe mmoja mweupe, kwa sababu bila yeye nisingefanya nilichofanya.

Ng'ombe yule alifiwa na ndama. Ng'ombe aliyefiwa hufunga maziwa, na sisi tulikuwa tukiishi kwa maziwa yake. Aabo, baba yangu, alimchuna ndama aliyekufa, akaileta ngozi ikiwa bado mbichi, akamvika ndama mwingine ambaye mama yake alikuwa hai lakini amekauka. Akamfunga kamba tumboni, akampaka chumvi shingoni, akamsogeza zizini. Mimi nilishika taa.

"Usimguse," aliniambia. "Mikono yako ina mafuta ya taa. Akinusa mafuta atampiga teke, na hatamkubali tena hata ukimlilia."

Ng'ombe mweupe alinusa ile ngozi muda mrefu. Akalamba chumvi. Kisha akatoa mlio mdogo, wa chini sana, na maziwa yakashuka. Aabo alicheka kwa furaha. Mimi nilitazama upande wa pili wa boma, kule alikosimama mama mzazi wa yule ndama. Siku tatu baadaye ndama alipita karibu naye akienda kunywa maji, wala hakugeuza kichwa.

Haukupita mwezi, Aabo akatuambia twende Garissa.

"Mtakaa kwa dada yangu Rukia, pale Iftin," alisema. "Mkapumzike siku saba. Kuna taa, kuna maji ya bomba, kuna barafu."

"Barafu ni nini?" Ifrah akauliza.

"Maji yaliyonyamaza mpaka yakawa jiwe."

Ifrah alicheka siku nzima. Mimi sikucheka, na sababu yake ni neno lile, kupumzika. Kwetu watu hawakupumzika. Waliopumzishwa walikuwa ng'ombe. Aabo alipoteremsha madume mpaka soko la Garissa, hakuyauza siku ya kufika. Aliyaweka nje ya mji siku kadhaa, yakanywa, yakala, mbavu zikajificha. Ndipo akamwita mnunuzi. Kwa hiyo niliposikia kwamba sisi tunapelekwa mjini tukapumzike, nilimtazama Hooyo, mama yangu, nimwone kama naye amesikia nilichosikia. Alikuwa anafunga mizigo akiwa amenipa mgongo.

Safari ilichukua siku tisa. Tulitembea mpaka Hulugho, tukapanda lori la mbuzi mpaka Masalani, tukakaa huko siku nne kwa sababu magari hayakuruhusiwa kuondoka bila askari. Watu walizungumza kwa sauti ndogo juu ya lori lililopigwa risasi wiki iliyotangulia. Tulikaa kwa ndugu wa Hooyo, karibu na mto Tana. Ifrah alikwenda kila asubuhi kutazama mitumbwi ikivusha watu. Mimi nilibaki nikimtazama Hooyo. Alikuwa akitusuka nywele zetu, akifumua, akisuka tena, na mara nyingi mikono yake ilisimama katikati ya msuko. Mara moja nilimuuliza, "Hooyo, tutarudi sote?"

"Mungu akipenda."

"Sote watatu?"

"Una maswali kama karani," alisema. "Geuza kichwa."

Tuliingia Garissa mchana. Najua kwamba kwa aliyezaliwa Nairobi, Garissa ya wakati ule ilikuwa vumbi na punda. Kwetu sisi lilikuwa jiji. Nyumba ya eedo ilikuwa ya mawe, yenye vyumba vitatu na sakafu ya saruji nyekundu inayong'aa. Bomba lilikuwa uani, ukiligeuza maji yanakuja bila kuvutwa na mtu. Kwenye dari kulikuwa na feni, na Ifrah alijificha chini ya meza mpaka alipohakikishiwa kwamba halianguki. Kulikuwa na friji nyeupe inayonguruma, na eedo alitoa humo kipande cha barafu akakiweka kwenye kiganja cha Ifrah. Ifrah alipiga kelele, akakitupa, akakifuata chini ya kabati, akakila pamoja na vumbi lake.

"Huyu mtoto ni mbuzi," eedo alisema, na Hooyo akacheka kwa mara ya kwanza tangu Hulugho.

Mumewe eedo alikuwa karani wa serikali, amehamishiwa Mandera, na hakuwapo. Ndani ya nyumba ile walikuwamo eedo peke yake na vitu vya Hamdi. Hamdi alikuwa binti yake, mtoto pekee. Alikuwa wa rika langu. Homa ilimchukua katika msimu uliopita, kwa siku mbili tu. Hilo nililijua tangu nyumbani. Nisilolijua ni kwamba viatu vyake vya shule vingekuwa bado mlangoni, vimepakwa rangi, na kwamba kila asubuhi eedo angevipaka tena. Wala sikujua kwamba tungekula watu wanne na sahani zingekuwa tano. Jina lake halikutajwa. Eedo aliponiita aliniita "wewe," na mara mbili alifungua kinywa kuniita kwa jina, akakifunga.

Siku ya kwanza na ya pili, nakiri, nilistarehe. Nililala kwenye godoro. Nilikunywa chai ya maziwa kwa mkate laini, na hakuna aliyeniamsha alfajiri kutazama ndama. Eedo alinipaka mafuta miguuni, kwenye nyufa za visigino, polepole, huku akiimba kitu bila maneno. Nilipojitazama kwenye kioo nikaona mashavu yameanza kujaa. Nikakumbuka madume ya Aabo nje ya mji. Jioni hiyo sikula.

"Kula," eedo alisema. "Umechoka. Kula unenepe."

Siku ya tatu alinichukua, mimi peke yangu, kwa fundi wa cherehani aliyekaa kwenye baraza la duka. Fundi alikuwa mzee wa Kikamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Eedo alitoa kwenye mfuko gauni la manjano, akanivika juu ya nguo zangu pale pale. Lilinuka uunsi, na chini ya uunsi lilinuka mtu. Kiswahili changu kilikuwa cha kuuzia askari maziwa tu, lakini maneno yao niliyasikia na kuyaelewa yote.

"Kha, mbona huyu amekonda hivi?" fundi alisema, akivuta kitambaa kiunoni. "Mwaka jana nilimwachia vidole vinne, nikajua atajaza."

Nilimsubiri eedo aseme kwamba mimi si yule.

"Safari," eedo alisema, kwa Kiswahili chetu kisichojua p. "Safari imembunguza. Wewe bunguza nguo."

"Na siku hizi hunisalimii," fundi aliniambia, akiwa na pini mdomoni. "Zamani kila ukipita unaniomba vifungo. Nimekukosea nini?"

Eedo aliniwekea mkono begani. "Msalimie fundi," alisema kwa Kisomali, na sauti yake ilikuwa laini sana. Nikamsalimia. Fundi akanipa kifungo cheupe. Nilikishika mpaka nyumbani kikaniumiza kiganja.

Sasa nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimeona kazi hii ikifanywa, nilikuwa nimeishika taa yake. Eedo alikuwa amefiwa, na Aabo, ambaye asingeweza kumnyima dada yake kitu, ameleta ndama wa mtu mwingine. Wananivika ngozi. Wananipaka mafuta. Siku ya saba nitakuwa nimekubaliwa, na Hooyo atapita mbele yangu nisigeuze kichwa. Sikuogopa tu kwamba nitaachwa. Niliogopa kwamba nikiachwa sitaumia.

Watoto wengine wangelia, au wangemwendea mama yao wakasema sitaki. Mimi sikuwa mtoto wa namna hiyo. Nilikuwa mtoto aliyepewa sifa kwa kufanya kazi sawasawa, na nilifikiria jambo lile kama kazi. Nilijua ng'ombe hukataa nini. Nilijua pia, na hapa ndipo ninapojaribu kutojipendelea, kwamba ng'ombe aliyefiwa haachwi hivi hivi. Ndama mmoja akikataliwa, huletwa mwingine.

Siku ya sita, kabla ya chakula cha mchana, nilikwenda kwenye jiko la mafuta lililokuwa nyuma ya nyumba, nikafungua tangi lake, nikajipaka mafuta ya taa shingoni, kwenye nywele na kifuani, juu ya lile gauni la manjano lililopunguzwa. Eedo alipoleta wali aliniinamia aniwekee sahani, kama alivyozoea, uso wake karibu na nywele zangu. Akajivuta nyuma.

"Ni nini hiki?"

"Yamenimwagikia," nilisema.

Alinitazama kwa muda. Sikuona hasira usoni mwake. Nilichokiona nimekiona baadaye kwa watu wanaoamshwa kutoka usingizi mzuri. Alitazama gauni, akatazama miguu yangu, magoti yangu yenye makovu ya miiba, uso wangu mwembamba ambao haukuwa uso wa mtu wake. "Kaoge," alisema. Hakunigusa tena siku ile.

Baada ya chakula jua lilikuwa limesimama, na Iftin yote ilikuwa imelala. Hooyo na eedo walifunga mlango wa jikoni, wakazungumza. Sauti zao zilikuwa za chini, moja ikiomba, nyingine ikikatizwakatizwa. Sikusikiliza. Nilikuwa na kazi.

Nilikuwa nimeoga kwa sabuni mara mbili, nikasugua mikono kwa mchanga, kwa sababu nilikumbuka maneno ya Aabo. Nilifungua sanduku la bati. Nikatafuta mpaka nikapata gauni dogo, la kijani, ambalo Hamdi alilivaa alipokuwa mdogo. Nilichukua makaa kwenye jiko la chai barazani, nikayatia katika chetezo, nikaweka uunsi, nikalifukiza gauni ndani na nje, mikono na kola. Kisha nikamwamsha Ifrah.

"Vaa."

"La nani?"

"Lako."

Alilivaa. Lilimkaa vizuri kuliko langu lilivyonikaa, bila fundi. Nikafumua nywele zake, nikazifukiza nazo. Hata chumvi sikuisahau. Nilichovya kidole nikampaka shingoni.

"Chumvi ya nini?"

"Usitoke jasho."

"Abaayo, unanichezea."

"Sikiliza," nilisema. "Nenda ukalale kitandani kwa eedo. Akija mshike shingo, usimwachie. Ukifanya hivyo utapata barafu kila siku."

"Kila siku mpaka lini?"

"Mpaka ushibe."

Alikwenda mwenyewe. Nakumbuka nyayo zake zenye unyevu kwenye sakafu nyekundu, zikikauka moja baada ya nyingine. Nilikaa barazani chini ya dirisha la chumba cha eedo, na kwa kuwa feni lilikuwa limewashwa, pazia lilipanda na kushuka, nikawa naona na kutoona.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Eedo aliingia chumbani kwake akiwa analia bila sauti, shela mdomoni. Alikwenda kitandani kama mtu anayetaka kuanguka tu. Kisha akasimama.

Sijui alisimama muda gani. Ifrah alikuwa kati ya usingizi na kuamka, akanyoosha mikono kama nilivyomwagiza, akamshika shingo. Eedo akaweka uso kwenye nywele zake. Sauti aliyoitoa ilikuwa ndogo, ya chini sana, na mimi niliijua.

Hooyo aliingia nyuma yake, nadhani alikuja kumbembeleza. Alimwona mtoto katika gauni. Ifrah, amefumba macho, alisema, "Hooyo," na mikono yake haikuachia shingo ile.

Eedo aligeuka. "Allah akulipe, Kaha," alimwambia mama yangu. "Allah akulipe kwa hili."

Hooyo alishika fremu ya mlango, kisha akatoka.

Nilikuwa mtu mzima, tayari nina watoto wangu, Hooyo aliponisimulia walichozungumza jikoni. Ni kweli Aabo alimtuma amwachie eedo mtoto mmoja, mkubwa. Ni kweli alikwenda akiwa amekubali. Lakini siku zile sita zilimshinda, na mchana ule alikuwa amekwisha kumwambia eedo hapana. Watarudi Hulugho wote watatu, na yeye atayabeba maneno ya mumewe. Eedo alikuwa amelia, akakubali. Jambo lilikuwa limekwisha. Lilikwisha wakati mimi ninapuliza makaa.

Eedo alipomkuta Ifrah kitandani alidhani Hooyo amegeuza moyo, amemvisha mtoto kwa mkono wake mwenyewe na kumpa. Alilishukuru jambo hilo mpaka siku anakufa. Na Hooyo, aliposikia shukrani ile, alidhani ni kebehi. Alidhani eedo amekataliwa mtoto mkubwa, akaenda akamvisha yule mdogo kwa siri na kumfundisha cha kusema. Wangeulizana neno moja wangeelewana, lakini mmoja alikuwa na aibu ya kufurahi na mwingine alikuwa na kiburi, na mtu pekee aliyejua alikuwa na miaka tisa, amekaa barazani akinusa mikono yake.

"Kwa nini hukumtoa tu mikononi mwake?" nilimuuliza Hooyo siku aliponisimulia.

"Ulimwona alivyolala?" alisema. "Rukia hakuwa amelala tangu msiba. Alilala mpaka magharibi, na mtoto kifuani. Ningemtoaje?"

Ifrah alisomeshwa. Leo ana kazi nzuri na nyumba yenye maji ndani. Mimi nilirudi kwa ng'ombe na kwa mama yangu, kama nilivyotaka, na shule niliyoisoma ni ile ya karatasi za sukari. Watu wakisikia hivyo hunihurumia, husema bahati ilimwangukia mwenzangu. Siwaambii kwamba nilipata nilichokichagua. Wala sijui kama yeye angechagua alichopata. Hakuulizwa. Mwezi wa kwanza, tulisikia, alikuwa akisimama langoni kila jioni malori yanapoingia.

Tuliondoka siku ya saba asubuhi. Eedo alitusindikiza mpaka kwenye lori, amembeba Ifrah ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa. Ifrah alikuwa na barafu kwenye kikombe, akaninyooshea nionje. Alidhani tunakwenda sokoni. Hooyo alimbusu kichwani, akapanda juu ya magunia bila kuangalia nyuma, nami nikapanda nikakaa pembeni yake, mahali ambapo wakati wa kuja alikaa Ifrah.

Tulipoacha nyumba za mwisho na barabara ikawa mchanga mtupu, Hooyo aliuliza, akitazama mbele, "Nani alimvisha lile gauni?"

Alikuwa ananiuliza kweli. Mpaka dakika ile jambo lilikuwa halijafungwa. Lori lingeweza kusimamishwa, Garissa ilikuwa bado inaonekana nyuma yetu, mnara wa msikiti na mabati yake yanayometa. Nilikuwa na jibu moja fupi, la kweli, na nililijua vizuri.

"Eedo," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa. Tangu siku ile hakukanyaga tena nyumba ya Iftin, wala salamu za eedo hakuzipokea, miaka yote, hadi yeye mwenyewe alipofariki.

Mchana tulisimama kwenye kivuli cha migunga ili dereva asali. Hooyo alifungua leso akatoa mkate ule laini wa mjini, akaukata vipande vitatu. Alinipa kimoja, akachukua kimoja. Cha tatu alibaki nacho mkononi, akikitazama, na lori lilipoondoka alikuwa bado amekishika. Tulipokaribia Masalani alinigeukia, akanipa.

Nilikipokea, nikakila chote.